Paka Wangu Alilia Saa Nane Usiku, na Historia Haikuwa Upande Wangu

Jumanne moja mwezi uliopita niliamka nikapata karatasi imepitishwa chini ya mlango wa keja. Kalamu ya bluu, herufi kubwa: PAKA WAKO AKILIA TENA USIKU UTAMPATA AMELALA MILELE. Hakuna jina. Manze, niliogopa. Siku hizi mtu akikasirika anakutusi kwa simu na yanaisha. Lakini mtu akitafuta kalamu, akararua karatasi kwa daftari ya mtoto, akapanda ngazi hadi mlangoni pako usiku, huyo hachezi.

Wenye mnanifuata mnamjua Chapo. Paka jike, rangi ya chapati iliyoungua upande mmoja. Nilimwokota nyuma ya kibanda cha chipsi akiwa anatosha kwenye kiganja. Sasa ana miezi kama minane. Mchana ni malaika, analala juu ya kompyuta kama ndiye analipa intaneti. Usiku anageuka king'ora. Na si ile nyau ya kuomba chakula. Ni kilio kirefu, kinapanda, kinashuka, kinapumzika kidogo ili ufikirie kimeisha, kisha kinaanza upya. Ukikisikia kutoka nje ungeapa kuna mtoto ameachwa kwenye ngazi.

Naishi ghorofa ya tatu, chumba kimoja, na kuta zetu ni nyembamba hadi nasikia mita ya jirani ikilia tokeni zikikaribia kuisha. Kwa hivyo Chapo hakuwa analia kwangu peke yangu. Alikuwa analilia ploti nzima.

Grupu ya WhatsApp ya ploti ilikuwa inawaka. Mmoja alisema nimtie kwa gunia nimwache soko la mbali. Mwingine akasema huyo si paka wa kawaida, kuna paka hutumwa, na tangu aje kuna watu hapa wamepoteza kazi. Wa tatu akaandika tu, "Dawa ya panya ni bei rahisi." Watu kumi na mmoja wakaweka vicheko. Mwenye ploti akamaliza: hadi mwisho wa mwezi, paka atoke ama sote wawili tutoke.

Nikafanya kitu mimi hufanya nikibanwa, nikaenda kusoma historia. Kwa wenye ni wageni hapa, nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili, hadi mwaka wa pili. Karo ikanishinda, nikatoka. Chuo kilinitoka lakini historia ilibaki. Nilitaka kutafuta hoja ya kumtetea Chapo, niwapige nayo kwa grupu wanyamaze. Nikapata hadithi ya watu waliokosa usingizi kwa sababu ya paka karibu miaka 300 iliyopita, na nikajikuta ndani yake mahali sikutaka kujikuta.

Kwanza, huyu mnyama alifikaje ndani ya nyumba?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 2007 timu ya wanasayansi ikiongozwa na Carlos Driscoll ilichapisha utafiti wa vinasaba vya paka karibu 1,000, wa nyumbani na wa mwituni. Walipata kwamba paka wote wa nyumbani, wa Nairobi, wa Tokyo, wa kibandani na wa kwenye sofa, wametoka kwa paka mwitu mmoja anayeitwa kisayansi Felis lybica. Huyo paka mwitu bado yupo Afrika, hata hapa Kenya, na ukimwona kwa mbali mbugani utafikiri ni paka wa mtu aliyepotea.

Hatukumfuga paka vile tulivyofuga ng'ombe. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya wakaja kwa nafaka, na paka akaja kwa panya. Yaani alijiajiri. Sisi tulikuta tu ameshaanza kazi.

Mwaka wa 2004 wataalamu wa mambo ya kale waliripoti kaburi la kisiwani Cyprus lenye umri wa miaka kama 9,500. Ndani kuna mtu, na karibu naye, kama sentimita 40 tu, kuna mifupa ya paka aliyezikwa mzima. Cyprus haikuwa na paka wa asili, kwa hivyo kuna mtu alimpakia kwenye chombo akavuka naye bahari. Paka huyo alikuwa na miezi kama minane. Niliposoma hapo nilimwangalia Chapo. Miezi minane. Nikashangaa yule naye alikuwa analia chomboni usiku, na mabaharia walikuwa wanasema nini.

Kuhusu kilio chenyewe, kuna jambo wengi hawajui. Paka wakubwa hawaongei nyau sana wenyewe kwa wenyewe. Wana harufu, mkia, masikio, na wakigombana wana mngurumo. Nyau ni sauti ya mtoto kwa mamake. Paka wa nyumbani akikua anaendelea nayo kwa sababu amegundua sisi tunaiitikia. Mwaka wa 2004 mtafiti mmoja, Nicholas Nicastro, aliwachezea watu sauti za paka wa nyumbani na za paka mwitu wa Afrika, na watu wakasema za paka wa nyumbani zinapendeza zaidi. Mwaka wa 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka akitaka chakula huficha ndani ya mkoromo wake sauti nyembamba iliyo karibu na kilio cha mtoto mchanga. Maelfu ya miaka ya kuishi nasi yamewafunza waguse pale pale panapotuamsha. Kwa hivyo ukiamka saa nane umekasirika, jua sauti imefanya kazi yake.

Mungu leo, mbolea kesho

Wamisri wa kale walimwita paka "miu". Waliangalia mnyama, wakasikia anachosema, wakamaliza. Mwanamfalme Thutmose, mwana wa Farao Amenhotep wa 3, alikuwa na paka aliyeitwa Ta-miu, yaani paka jike tu, na alipokufa alichongewa jeneza la mawe. Herodotus, Mgiriki aliyeandika kuhusu Misri miaka zaidi ya 2,400 iliyopita, alisema paka akifa kifo cha kawaida watu wa nyumba hiyo wananyoa nyusi. Mgiriki mwingine, Diodorus, alisema alishuhudia mwenyewe Mrumi aliyeua paka kwa bahati mbaya akiuawa na umati, na hata uoga wa Roma haukumwokoa.

Lakini msikimbie kuweka hiyo kwa picha ya "Waafrika tulipenda paka kwanza". Wamisri hao hao baadaye waliwazalisha paka kwa wingi, wakawaua wakiwa wadogo na kuwakausha ili wauzwe kwa mahujaji kama sadaka kwa mungu Bastet. Walikuwa wengi hivi kwamba mwaka wa 1890 shehena ya maiti wa paka kama 180,000, tani kama 19, ilifika Liverpool ikauzwa kwa mnada kusagwa kuwa mbolea. Paka wa hekalu akaishia kwenye shamba la Mwingereza.

Ulaya nako, kuna ile hadithi inazunguka kila mwaka kwamba Papa aliamuru paka wauawe, panya wakajaa, na Tauni Kuu ikaja. Aki msiisambaze. Mwaka wa 1233 Papa Gregory wa 9 aliandika barua kuhusu kundi la wazushi Ujerumani, na ndani yake kuna ibada ya kutisha yenye paka mweusi. Haikuamuru paka wauawe. Ilichosaidia kufanya ni kumkalisha paka karibu na shetani kwenye akili za watu, na hapo akakaa muda mrefu sana. Mji wa Ypres, Ubelgiji, ulikuwa na desturi ya kurusha paka hai kutoka juu ya mnara. Mara ya mwisho ilikuwa 1817. Siku hizi wanarusha wanasesere wa paka, na watalii wanashangilia.

Hadi hapo nilikuwa najisikia poa. Nilikuwa na hoja zangu: wenye wanachukia paka ni washirikina tangu zamani. Kisha nikafika Paris.

Mtaa wa Saint-Séverin

Ni miaka ya 1730. Mtaa unaitwa Rue Saint-Séverin, Paris. Kuna kiwanda cha kuchapisha vitabu, na ndani kuna vijana wawili wanaojifunza kazi. Kiswahili cha darasani kingewaita wanagenzi. Mmoja anaitwa Jerome, mwingine Léveillé, jina ambalo kwa Kifaransa ni kama kumwita mtu "Yuko Macho". Shikilia hilo jina.

Tunajua habari yao kwa sababu mfanyakazi wa uchapishaji, Nicolas Contat, aliiandika mwaka wa 1762, na inaonekana Jerome ni yeye mwenyewe. Mwaka wa 1984 mwanahistoria Mmarekani, Robert Darnton, akaifanya maarufu kwa kitabu kizima kilichobeba jina la mauaji hayo ya paka.

Hawa vijana walilala kwenye chumba kichafu chenye baridi. Kabla ya alfajiri walikuwa wameshaamka kuwafungulia mafundi mlango, na mwenye kiwanda bado yuko kwa mablanketi. Mchana kutwa wanatumwa huku na kule na kutukanwa. Chakula walipaswa kupata mabaki ya meza ya bwana, lakini mpishi aliyauza kisirisiri na kuwapa vijana chakula cha paka, nyama kuukuu iliyooza. Waliwapa paka, na paka wenyewe wakakataa. Soma hiyo tena.

Kwa sababu kwa matajiri wenye viwanda vya uchapishaji, paka walikuwa fasheni. Mmoja wao alikuwa na paka 25, aliwachorea picha na kuwalisha ndege wa kuchoma. Mke wa bosi wa vijana wetu alikuwa na kipenzi chake kiitwacho la grise, yaani yule wa kijivu.

Na usiku, juu ya paa la chumba cha vijana, paka wa mtaa walilia. Usiku mzima. Vijana wamechoka, wanalala saa chache, wanaamka gizani. Bwana na mkewe upande wao wanalala fofofo.

Léveillé alikuwa na kipaji cha kuiga sauti. Usiku mmoja akapanda paa, akatambaa hadi juu ya chumba cha bwana, akaanza kulia kama paka. Kilio cha nguvu, cha kutisha. Bwana na mkewe hawakufumba jicho. Akarudi usiku uliofuata, na uliofuata. Baada ya siku chache wenye nyumba wakaamini wamerogwa. Wakawaita vijana wakawaamuru: waondoeni hawa paka. Bibi akaongeza, jihadharini msimtishe la grise.

Si unaona imeenda wapi? Wakachukua fito na vyuma, mafundi nao wakajiunga. Wa kwanza kuuawa alikuwa la grise. Wakamficha kwenye mfereji. Wengine wakapigwa, wakatiwa kwenye magunia, wakaletwa uani. Pale wakafanya kesi ya kuigiza: kuna walinzi, kuna padri wa kuwaungamisha, kuna mnyongaji. Paka wakahukumiwa wakanyongwa. Bibi akatoka, akaona, akapiga yowe akidhani anayening'inia ni wake. Wakamwambia la, sisi tunaiheshimu sana nyumba hii, hatuwezi. Bwana akaja akakasirika kwamba kazi imesimama. Walipoondoka, kiwanda kizima kikacheka hadi watu wakashika mbavu. Siku zilizofuata Léveillé aliigiza tena kioja chote kwa wenzake, kama mara ishirini, na kila mara wakacheka upya.

Swali la Darnton lilikuwa hilo: kwa nini walicheka? Sisi tukisoma tunaona ukatili tu. Jibu lake ni kwamba wafanyakazi walikuwa wamepata njia ya kumtukana bwana na mkewe usoni bila kufukuzwa. Hawakuweza kumhukumu mwenye kiwanda, wakamhukumu paka wake. Wanahistoria wengine walibishana naye. Contat aliandika miaka zaidi ya 20 baadaye, na mtu anaweza kutia chumvi. Hiyo ni haki. Lakini hata kama nusu yake ni chumvi, kuna mtu aliyeona hiyo ndiyo hadithi ya kuchekesha kuliko zote maishani mwake, na hilo lenyewe linakuambia aliishi vipi.

Mimi sikucheka. Lakini nilisoma mara ya kwanza nikiwa upande wa vijana, kwa sababu nimefanya kazi za kulipwa mabaki. Mara ya pili nikajiuliza, sasa kwa hii ploti yetu, nani ni nani?

Mimi huamka saa nne asubuhi. Kazi yangu iko kwa simu na kompyuta. Chapo anakula omena iliyochemshwa na kutolewa miba, na nimempiga picha kuliko nilivyompiga mamangu. Chumba kilicho chini yangu anaishi mama mboga wa getini, na huyo huamka saa tisa na nusu usiku kwenda Marikiti kununua sukuma na nyanya kabla bei ipande.

Wueh. Nilikuwa bwana wa Saint-Séverin. Nilikuwa na la grise.

Nilishuka ngazi

Nilimpata jioni kwa kibanda chake akikata sukuma.

"Habari ya jioni, mathe. Ni mimi mwenye paka."

"Najua. Hata walio makaburini wanajua."

Nikamwuliza kama ndiye aliniandikia. Kisu kikasimama. "Kijana, mimi nikiwa na shida na mtu nambishia mlango. Hiyo ya barua ni ya watu wenye wakati." Akaendelea kukata. "Na sina shida na paka. Paka ni wa Mungu. Shida yangu ni saa nane. Ukiniamsha saa nane na mimi natoka saa tisa na nusu, huo muda wa katikati nalala aje? Nalala nikihesabu. Juzi mtu alinipa mia mbili nikamrudishia chenji ya elfu. Hiyo pesa nani atanirudishia?"

Sikuwa na jibu. Kwa grupu nilikuwa nimeandika aya mbili kuhusu haki za wanyama. Na haki ziko kweli, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kumtilia paka wako sumu. Lakini nilikuwa nimeitumia kama blanketi la kujifunika. Mama huyu hakuwa ametaja sumu hata siku moja. Alikuwa anaongea kuhusu usingizi, na mimi nilikuwa namjibu kuhusu paka.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nipe wiki mbili. Akasema, "Mimi si mwenye ploti. Lakini sawa."

Pembeni alikuwa ameketi mama mwingine wa hapo kwetu, mwenyeji wa Mombasa, anangoja mboga zake. Akaniuliza usiku mimi hufanya nini Chapo akianza. Nikasema ukweli, wiki hiyo nilikuwa nimeanza kumfungia bafuni. Akatikisa kichwa. Akanisimulia hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. "Kumfungia si kumnyamazisha, mwanangu. Umejiuliza anataka nini?"

Ukweli ni kwamba sikuwa nimejiuliza. Grupu ilikuwa imesema uchawi, mimi nikasema ni tabia tu, mwenye ploti akasema ni kelele. Mnyama analia usiku wa kumi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Anataka nini

Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama. Alimwangalia dakika mbili. Umri, jike, hajafungwa kizazi, analia usiku, anajisugua sakafuni, anainua makalio ukimgusa mgongo. "Huyu yuko kwenye joto." Yaani Chapo hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anaita dume.

Paka jike anaweza kuanza hivyo akiwa na miezi minne tu. Joto linakaa kama wiki moja, na asipopata dume linarudi baada ya wiki mbili au tatu. Kwenye nchi za baridi huwa linatulia msimu wa mchana mfupi, kwa sababu mwili wa paka unahesabu mwanga. Hapa kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hivyo mwili hauambiwi pumzika. Ukimfungulia mlango atanyamaza, na baada ya kama miezi miwili utakuwa na paka watano. Dawa ya kudumu ni kumfunga kizazi, na dume kumhasi. Hela niliyokuwa nimeweka ya kununua taa ya kurekodia ikaenda hapo. Kama huna, shirika la KSPCA, ambalo limekuwepo tangu 1910, ni mahali pa kuanza kuuliza.

Lakini si kila kilio ni joto, kwa hivyo wenye mna paka, sikieni yale daktari aliniambia.

Paka ni mnyama wa magharibi na alfajiri. Akilala mchana kutwa kwa kompyuta yako, usiku ana nguvu za kukimbiza panya ambao hawapo. Mchoshe jioni. Kamba na kijiti vinatosha, dakika kumi au kumi na tano, kisha mpe chakula chake kikubwa umalizie nacho. Akiwinda na kushiba, analala.

Ukiamka saa tisa kumlisha ili anyamaze, umemfundisha kwamba saa tisa ni saa ya chakula. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nzima nikidhani natatua shida. Na ukiamua kutoitikia, shikilia hapo. Ukivumilia siku nne ukamjibu ya tano, amejifunza kwamba inabidi alie siku tano. Lakini usianze kumpuuza kabla hujajua si mgonjwa.

Kwa sababu kuna vilio ambavyo si tabia. Paka dume anayeenda kukojoa mara kwa mara, anakaza, na hakuna kinachotoka, huyo mpeleke leo, si kesho. Njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa kwa siku chache. Paka mzee aliyeanza kulia usiku ghafla anaweza kuwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au shinikizo la damu, au akili inapotea kama ya mtu mzee, anasimama katikati ya chumba gizani hajui yuko wapi. Huyo humkemei. Humpulizii maji. Unamwachia taa ndogo na unamtafutia daktari.

Chapo alirudi na kovu dogo tumboni na hasira ya siku mbili. Homoni hazikuisha siku hiyo hiyo, alilia lia kidogo usiku kadhaa, sauti ikipungua. Nilimwandikia mama mboga ujumbe kila jioni kumwambia tumefika wapi. Hakujibu hata mmoja, lakini alama za bluu zilionekana.

Sijui bado nani aliandika ile karatasi. Nimeiweka kwenye droo. Mwanzoni nilikuwa nawaangalia watu kwenye ngazi nikilinganisha sura na mwandiko. Siku hizi nawasalimia tu. Imeniuma kujua kwamba nimeishi hapa mwaka mzima na singeweza kusema nani kati yao anafanya kazi ya usiku, nani ana mtoto mchanga, nani anaamka lini. Yeyote kati yao angeweza kuwa na sababu. Sababu ya hasira, si ya sumu. Paris ya miaka ya 1730 hasira ilikuwa ya haki kabisa, na waliolipa walikuwa paka. Baridi ya chumba cha vijana haikupungua, na hakuna mahali nimesoma kwamba chakula kilibadilika.

Mwisho wa mwezi umepita. Mwenye ploti amesema "ataangalia", na kwa lugha ya wenye ploti hiyo ni karibu na ndiyo.

Jana niliamka saa nane bila kuamshwa. Mwili umezoea. Chapo alikuwa amejikunja miguuni, kimya. Nikakaa tu hapo nikisikiliza. Saa tisa na nusu mlango wa chini ukafunguka, kikohozi, slipa kwenye ngazi, geti. Chapo akainua sikio moja, akarudi kulala. Nilitamani sana kujua kama mama mboga alikuwa amelala vizuri.

Nitamwuliza leo nikienda kununua sukuma.